Nusu ya Firigisi

Mimi nilizaliwa Kachibora, katika nyumba ambayo mgeni wa maana huchinjiwa mbuzi na kuku kazi yake ni kutaga. Kwa hivyo mtu asinilaumu. Siku ya kwanza nilipompikia kuku yule mwanamume niliyekuwa nikimwita mchumba, pale kwangu mtaa wa Tuwan, mjini Kitale, firigisi nilimtupia paka.

Aliitafuta kwenye bakuli. Akageuza paja, akageuza kidari, akachungulia chini ya shingo. Halafu akaweka mkono chini na kuuliza kwa sauti ya mtu aliyefiwa, "Kwani hii kuku ilizaliwa bila filigisi?"

Nilipomwambia ilikokwenda, alimtazama yule paka kwa chuki ambayo sijawahi kuiona kati ya viumbe wawili wenye masharubu.

Kesho yake nikampigia simu rafiki yangu wa Bungoma. Tulijuana katika darasa la ushonaji hapa Kitale, kisha yeye akarudi kwao kushona sare za shule, mimi nikabaki kuuza blauzi za mitumba. Ni nadra siku kupita bila sisi kusemezana. Alicheka mpaka simu ikakatika, halafu akapiga tena ili amalizie kucheka.

"We mwanamke, una bahati hajakuacha," akasema. "Huku kwetu filigisi ni ya mwenye boma. Mwanamke hata harambi. Unaosha, unatoa ile ngozi ya manjano, harafu unaiweka juu kabisa ndio aione kabla ya kuomba."

Akanifundisha yote, mpaka namna ya kumbabua kuku motoni avute harufu ya moshi. Nilifuata kila neno. Huyu wangu akawa anatafuna amefumba macho, na siku moja akafanya jambo. Alitoa kisu kidogo mfukoni, akaikata firigisi katikati, akanisogezea kipande.

"Kwetu mwanamke hakuli hii," akasema. "Rakini wewe si mwanamke wa kawaida. Wewe ni nusu yangu. Usiambie mtu."

Jamani, nililia. Firigisi yenyewe ni ngumu kama kifutio cha shule, lakini niliitafuna kwa unyenyekevu kama niko mbele ya madhabahu. Na sikumwambia mtu, hata rafiki yangu, kwa sababu niliona aibu kujivunia kitu ambacho yeye, mtoto wa Bungoma, hajawahi kuonja.

Nieleze jambo moja nisije nikaonekana mjinga kupita kiasi. Mimi na rafiki yangu tuliamini kwamba mapenzi ukiyatangaza yanaingia mdudu, kama mahindi yasiyotiwa dawa. Yeye alikuwa na "huyu wangu," nami nilikuwa na "huyu wangu," bila jina wala picha. Huyu wake alikuwa mfanyabiashara. Huyu wangu alikuwa dalali wa mahindi. Tulikuwa tukifarijiana huyu wake akiwa safarini, na huyu wangu akiwa safarini, na kichwani mwetu haikuingia kwamba hawakuwahi kuwa safarini wote wawili kwa siku moja.

Basi rafiki yangu alikuja Kitale kununua vitambaa, akapitia kwangu kunywa chai, ana habari zimemjaa mashavuni. Huyu wake anakwenda Tongaren na wajomba zake, kwa mama wa rafiki yangu, kujitambulisha. Mama ameshapaka nyumba chokaa. Kina mama wa kanisa wameshagawana nani ataleta sufuria gani.

"Na unajua nilijua ananipenda lini?" akasema, akishusha sauti. "Siku alinikatia filigisi. Na kisu yake ya mfuko. Ati mimi si mwanamke wa kawaida, ati mimi ni—"

"Nusu yangu," nikamalizia. "Usiambie mtu."

Tulitazamana. Paka mwenyewe aliacha kujilamba.

Tulianza kwa kugombana, maana ndiyo ilikuwa njia rahisi. Aliniita mwizi. Nami nikamwita mwizi. Akasema mimi ndiye mpango wa kando, nikamwambia mpango wa kando hatumwi kuloweka soksi, na huyo bwana soksi zake nafua mimi. "Soksi?" akapiga kelele. "Mimi nafua blanketi!" Akanirushia mto wa kochi. Nikamrushia blauzi, halafu nikakumbuka ni ya kuuza, nikaiokota na kuikunja huku nikiendelea kumtukana. Mwishowe akaketi sakafuni.

"Kumbe ni mimi nilikufundisha kumpikia," akasema. "Nilikuwa nakupa mafunzo, bana. Bure."

Akaanza kucheka, nami nikacheka, kisha tukalia, kila mmoja akitumia pindo la leso ya mwenzake.

Za mwizi ni arobaini. Mpango tuliupanga hapo hapo. Siku ya wajomba, bakuli la mkwe lingepelekwa mezani likiwa na nusu ya firigisi juu yake. Watu wa kwao hawawezi kuona jambo hilo wakanyamaza. Mtu angeuliza nusu nyingine iko wapi, rafiki yangu angeniita, nami ningetokea jikoni nimeibeba kwenye sahani. Yeye angesema yaliyobaki mbele ya wajomba na mama yake.

Lakini nilikuwa na hofu, na niiseme wazi. Mwanamume huyo nilikuwa nimeshamzika moyoni, japo maiti ilikuwa bado ikipumua. Rafiki yangu ndiye niliyeogopa kumpoteza. Nilijua anampenda. Nilijua mama yake ameiombea siku hiyo tangu binti alipomaliza shule. Akimchagua yule bwana, atawezaje kunipigia simu tena? Na mimi nitamwambia nani mambo yangu?

Siku ikafika. Nilikwenda Tongaren mapema, nikajificha jikoni kama rafiki aliyekuja kusaidia tu, nikapika kuku kwa mafunzo yale yale niliyopewa bure. Jiko lilikuwa nyuma ya nyumba, hatua chache tu, na mlango wa sebule uliachwa wazi kwa sababu ya joto la watu. Nilisikia kila kitu. Mjomba mkubwa aliomba. Aliombea mvua, mbolea, serikali na magoti yake. Rafiki yangu akaingia na bakuli.

Halafu mjomba mkubwa, "Kijana, mbona filigisi yako ni nusu?"

Nikashika sahani yangu. Na mimi nikiwa na hofu huwa nakula. Ni kasoro ya ukoo wetu.

"Si kitu, mzee," nikasikia huyu wetu akijibu. "Labda kuku ilikuwa ndogo. Nusu inatosha."

Nikangoja niitwe. Badala ya kuitwa nikasikia rafiki yangu akicheka. Kile kicheko nakijua. Ni kicheko cha mtu aliyesamehe kabla ya kuombwa. Nikangoja tena. Nikasikia mama yake akimkaribisha mkwe maji ya kunywa, kwa sauti ya furaha kabisa. Nikatazama sahani, nayo ilikuwa tupu. Nilikuwa natafuna.

Niliondoka hivyo hivyo, na sahani tupu, nikaingia sebuleni bila kuitwa.

"Mulembe," nikawasalimia wazee, mdomo umejaa.

Huyu wetu alinitazama, na tonge la ugali likasimama njiani kati ya bakuli na midomo.

"Huyu ni nani?" mjomba mkubwa akauliza.

"Mimi ndiye mwenye ile nusu nyingine."

"Iko wapi?"

Nikameza. "Nimekula."

Kina mama wa kanisa wakaita majina ya Bwana. Mjomba alisimama, magoti yakalia kabla ya maombi kujibiwa. "Umekula? Mwanamke? Nani alikufundisha kula filigisi?"

"Huyu hapa. Kwangu, Tuwan. Anaikata na kisu yake ya mfuko, anasema mimi si mwanamke wa kawaida, mimi ni—"

Nilimtazama rafiki yangu. Alikuwa ameshika jagi la maji kwa mikono yote miwili. Alimtazama mama yake, akamtazama yule bwana, akafumba macho.

"Nusu yangu," akasema. "Usiambie mtu."

Mambo ya kuwa na wachumba wawili mjomba aliyapita kama shimo la barabarani. "Wanawake wawili, hiyo watu huongea, inaisha," akanguruma. "Rakini filigisi! Umegawa filigisi ya ukoo mpaka Tuwan!" Huyu wetu akasema simu yake inaita. Haikuwa inaita. Akatoka nje kuipokea, na mpaka leo anaipokea.

Wajomba walibaki. Mama wa rafiki yangu aliwaambia wamalize chakula, hakupika vya kurudishwa, nao wakamtii mpaka mifupa. Halafu akanigeukia, nami nikajua sasa nafukuzwa. "Na wewe," akasema, "ulikuwa umeosha mikono?"

Jioni tuliosha vyombo nyuma ya jiko, sisi wawili tu.

"Unajua sikuwa nikuite," akasema mwishowe.

"Najua."

"Nilikuwa nimeamua. Ningeolewa, harafu ningekuambia sijui nini."

"Najua. Nilikusikia ukicheka."

Akasugua kifuniko kile kile alichokuwa ameshakisafisha. "Nilimpenda sana, dada yangu. Vile alikuwa anaimba akinyoa ndevu."

"Wimbo mmoja tu," nikasema, "na haujui mwisho."

"Haujui kabisa!"

Alilia kwa sauti, na mimi nikalia, na hakukuwa na mtu mwingine duniani ambaye yeyote kati yetu angeweza kumlilia juu ya jambo hilo akaelewa. Kisha akanisukumia sufuria iliyoungua kuliko zote, akajipangusa pua, akaniambia nisugue vizuri, ni ya kanisa.