Bima ya Gari la Mandawa

Kasmiri alikuwa mpiga chanjo wa serikali pale Nachingwea, mtu wa maneno machache, ambaye wazazi wake walihamia huku wakitokea Msumbiji. Machi ya mwaka 1954 ilikuja habari kwamba ndui imeingia Mandawa. Gari la idara lilikuwa limekatika ekseli, na Bwana Shauri, yaani ofisa wa wilaya mwenye mamlaka ya kuidhinisha safari, alikuwa Lindi.

Kasmiri akaenda kukodi pikapu kwa Bashiri, mwenye duka.

"Gari nitakupa, na dereva wangu Kaimu atakupeleka," alisema Bashiri. "Lakini kwa masika haya silitoi bila bima ya safari, nilipwe likiharibika. Shilingi arobaini, na unalipa wewe mkodi."

Abdalah, karani mkuu wa boma, alimwonya. "Kodi ya gari na petroli utarudishiwa. Bima hurudishiwi, ila Bwana Shauri awe ameidhinisha kwa maandishi kabla hujaondoka."

"Anarudi lini?"

"Jumatatu."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Kasmiri alilipa kwa akiba ya nyumbani, wala hakumwambia mkewe, Sofia.

Karibu na Mandawa walikuta maji yamelifunika daraja la magogo. Kaimu akazima injini.

"Bwana Mganga, tungoje yapungue."

Ng'ambo, wanaume wawili walipaza sauti kwamba watoto watatu walikuwa wamezikwa asubuhi ile. Kasmiri alitazama kasha la chanjo mapajani mwake. Joto lilikuwa linazidi, na dawa ingeharibika.

"Vuka," alisema. "Ni amri yangu."

Katikati, gogo moja lilitoka. Pikapu ikalala ubavu, maji yakaingia. Kasmiri alilitupa kasha juu ya ubavu wa gari uliobaki nje ya maji, kisha akazama kumtafuta Kaimu, aliyebanwa mguu chini ya usukani. Mara mbili aliibuka mikono mitupu. Mara ya tatu alimvuta akatoka, na wale wanaume wakawarushia kamba. Kasha lilipona. Kwa siku nne Kasmiri alichanja watu, nguo zikimkaukia mwilini.

Aliporudi, Abdalah alimpa fomu ya ajali na kushusha sauti. "Andika kwamba dereva aliingia majini kwa hiari yake. Hapo Bwana Shauri anaweza kukuonea huruma akurudishie ile bima. Ukiandika kwamba uliamuru wewe, sahau fedha, na pengine kazi."

"Na Kaimu?"

"Atanyang'anywa leseni. Yeye si mtumishi wetu."

Kasmiri alichukua kalamu. Kisha akaandika: *Dereva alitaka tungoje. Mimi nilimwamuru avuke.*

Jioni alimweleza Sofia yote.

"Fedha umeitoa bila kuniuliza," alisema Sofia, "na sasa umewapa na sababu ya kukufukuza."

Kwa siku kumi na moja, kila tarishi wa boma alipopita njiani, wote wawili waliacha walilokuwa wakifanya mpaka apite.

Barua ilipofika, Sofia ndiye aliyeifungua. Bima haitarudishwa, kwa kuwa haikuidhinishwa. Kwa kuhatarisha gari na dereva, Kasmiri alipewa onyo kali. Kazi ataendelea nayo.

Sofia aliisoma mara mbili, akaketi kizingitini, akaanza kulia kwa sauti, na Kasmiri hakujua kama ni kwa hasira au kwa nafuu.