Picha Aliyopigwa Bibi

Mama yangu hajui uso wa mama yake. Bibi alikufa kwa homa mama akiwa bado ananyonya, na familia ilipokimbilia Burundi hakuna aliyebeba kitu kisicholiwa wala kuvaliwa. Mama alilelewa Bujumbura na mama yake mkubwa, aliyemwachia vitu viwili: Kiswahili, ambacho mpaka leo ndicho lugha ya nyumba yetu, na habari moja tu. Kwamba bibi aliwahi kupigwa picha na mwanamke wa Kizungu aliyekaa kilimani kwao, na kwamba mama mwenyewe alikuwemo, mgongoni.

Aliishi na habari hiyo kama mtu aliyeachiwa shamba mahali asipopajua. Hakuwa na haraka nalo. Kisha daktari akamwambia kwamba presha ya macho imefika mbali, dawa itachelewesha upofu tu. Tulipotoka hospitali aliniuliza picha za Wazungu zinawekwa wapi.

Mimi si mtu wa kuulizwa mambo ya Ulaya. Naishi naye Masaka tangu tuliporudi kutoka Burundi, nashona sare za shule barazani, na nikifika Kabuga kununua uzi najihesabu nimesafiri. Sekondari nilimaliza, kwa hiyo nina neno la kusema juu ya kila kitu na hakuna ninachoweza kukithibitisha. Mama husema kuku wake wanawajua majirani kuliko mimi.

Aliyetufaa ni binti wa jirani, anayesomea anthropolojia huko Ulaya. Alipokuja likizo alipita kutusalimia, mama akamuuliza hiyo ni kazi gani. Akaeleza kwamba ni kwenda kukaa na watu na kuwauliza maswali mpaka uelewe wanavyoishi.

"Kumbe mama yako ni profesa," mama akamwambia. "Hapa mtaani hakuna chungu asichokijua."

Binti alicheka, kisha akatusimulia anachoandika: habari za wanawake wa kwanza kuifanya kazi hiyo. Mmoja wao aliletwa huku na serikali ya wakoloni. Wenzake wanaume waliandika juu ya wafalme na ng'ombe. Yeye aliketi na wanawake, akaandika nani analima, nani anabeba, nani anaamka wa kwanza. Wenzake walimcheka kwamba amevuka bahari kufuata habari za jikoni, na cheo hawakumpa. Nilimpenda papo hapo. Mimi pia maisha yangu yote yako jikoni, tofauti ni kwamba yeye alitoka kwao.

Mama aliuliza ni kilima gani. Binti alipokitaja, mama aliacha kuchambua maharage.

"Na picha ziko?"

"Ziko, bibi. Ziko kwenye jumba la makumbusho. Nikirudi nitazitafuta."

Ikaanza miezi ya kungoja. Mama aliamua kuyatunza macho yake. Televisheni aliiacha, akawa anaisikiliza tu akiwa ameipa kisogo. Baada ya chakula cha mchana alikaa kitini amefumba macho, si kwa usingizi, ila eti yasitumike bure. Nikamwambia, "Mama, macho si simu, hayaishi chaji." Akanijibu bila kuyafumbua, "Na wewe yako mazima, umeyatumia kuona nini?" Nilirudi kwenye cherehani yangu. Kila asubuhi alisimama mlangoni akatazama bati jekundu la jirani, na kila wiki wekundu ule ulikuwa unamwishia kidogo.

Picha zilifika kwenye simu yangu nikipiga pasi kola. Ya kwanza ilikuwa mikono inayofunga ingobyi, ile ngozi ya kubebea mtoto. Ya pili, mgongo, na juu yake kichwa kidogo cha mtoto kimeegemea. Ya tatu, shingo na mabega. Ya nne, mgongo tena, umeinama kwenye jembe. Maelezo yalitaja kilima, mwaka uleule aliozaliwa mama, na jinsi ngozi inavyofungwa. Jina la aliyeifunga halikuwemo.

Nikampigia binti. "Mdogo wangu, za mbele ziko wapi?"

"Hakuna, dada."

Akanieleza, na sauti yake haikuwa ile ya likizoni. Wakati ule kulikuwa na wanaume waliokuja na rula, wakipima pua na vipaji vya nyuso, wakipiga picha za watu mbele na ubavuni, ili wapange nani ni wa aina gani na nani anamzidi nani. Sisi wa nchi hii, tuliofikwa na mauaji ya kimbari, tunajua vipimo vile vilitufikisha wapi. Yule mwanamke alikataa. Alisema hatachukua uso wa mwanamke yeyote akautie kwenye hesabu ile. Akaigeuza kamera yake kwenye kazi: mikono, migongo, mizigo.

Alifanya vizuri. Nimejaribu kumchukia nikashindwa. Ila alikuwa mtu wa kuuliza maswali, na hilo moja hakumuuliza bibi: mama, ungependa nikupige upande gani?

Nilipanda pikipiki hadi Kabuga, mpiga picha wa pale akanisafishia ile ya pili kwa ukubwa wa kalenda. Mama aliipokea mlangoni, akaisogeza kwenye mwanga hadi pua ikagusa karatasi. Alikipata kichwa cha mtoto. Alikaa hapo. Kisha akaigeuza ile karatasi atazame upande wa pili.

Upande wa pili ulikuwa mweupe.

Nikamweleza yote, habari ya rula na habari ya wema wa yule mwanamke. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akiipapasa karatasi, ile laini isiyo na mgongo wala mbele.

"Alitutakia mema," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Sasa mimi nimlilie nani?"

Mimi mwenye neno juu ya kila kitu niliinuka kwenda jikoni. Nilimchemshia chai akaiacha ipoe.

Siku ya pili alivaa kitenge chake cha kanisani na kuniambia nimpeleke kwa yule yule mpiga picha. Nikamtania kwamba anatafuta mchumba. Akasema anataka kupigwa ya mbele, macho yakiwa bado yanajua kuna kitu kinatazamwa. Sikumuuliza ni ya kumwachia nani. Mtoto wake ni mimi, na mimi sina wa kumwonyesha.

Alikaa kitini wima kabisa. Kijana wa studio akasema, "Bibi, tazama hapa," halafu akasogea kushoto, kamera mkononi, kurekebisha taa. Mama akaufuata mwelekeo sauti ilikotoka, akatabasamu pale ambapo hapakuwa na mtu.