Waliosoma Faili Langu Kabla Yangu

Nilisikia ugonjwa wangu ukisomwa kwa sauti sebuleni kwa baba yangu mkubwa, mjini Kasongo, mbele ya watu kumi na wawili, na aliyeusoma alikuwa mzee ambaye hatukuwahi hata kusalimiana. Alikuwa mjomba wa mchumba wangu. Tulikuwa tumepika wali na kuku tangu asubuhi. Baba yangu alikuwa ametoka kijijini kwetu Wamaza siku mbili kabla, sehemu kwa miguu na sehemu kwa pikipiki, na bado vumbi jekundu lilikuwa kwenye mikunjo ya viatu vyake. Tulidhani wageni wamekuja kupanga siku ya harusi.

Mzee yule hakugusa chakula. Alisafisha koo, akatoa simu mfukoni.

"Sisi hatukatai mutoto wenu," akasema. "Lakini tulienda kuuliza kule anasoma. Tukapewa hii."

Akaanza kusoma. Lilikuwa jina langu, mwaka wangu wa masomo, kisha maneno ya daktari: kifafa, anguko la pili, dawa ya kila siku. Alipomaliza, akampa baba mkubwa simu aone mwenyewe picha ya karatasi. Baba mkubwa akampa mke wake, na mke wake akampa shangazi wa mchumba. Simu ikazunguka sebule nzima. Kila aliyeipokea aliitazama, kisha akanitazama mimi. Ilipofika kwa baba yangu, ambaye hasomi vizuri bila miwani, aliishika tu, kisha akairudisha.

Mchumba wangu alikuwa ameketi karibu na mlango. Nilimtazama nikimngoja aseme. Yeye alijua. Nilimwambia mwenyewe mwezi wa pili wa urafiki wetu, tukiwa Nyangwe tunangoja mtumbwi utuvushe mto, kwa sababu sikutaka aniokote siku moja chini bila kujua la kufanya. Alicheka siku ile, akasema hata mama yake ana presha, kila mtu ana lake. Sasa mjomba wake akamgeukia, akamuuliza, "Wewe ulijua hii maneno?"

Akatazama sakafu. "Hapana," akasema.

Sikuwahi kujua kwamba hasira inaweza kuanzia miguuni. Nilihisi miguu inawaka moto, nikasimama na kutoka.

Ili nieleweke, lazima nieleze karatasi ile ilifikaje chuoni. Nilipokuwa mwaka wa pili nilikuwa nikiishi kwa shangazi yangu. Asubuhi ya mtihani wa somo gumu kuliko yote nilianguka bafuni, nikiwa na ndoo ya maji mkononi. Shangazi alinifunga kitenge, akaita mwenye pikipiki, nikashtuka nikiwa hospitali na ulimi umechanika. Daktari alinitibu, akanipa vidonge, na kabla ya kuniruhusu akaandika cheti, akakitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi.

"Hii ni ya chuo," aliniambia. "Wakupangie mtihani mwingine. Usimpe mutu mwingine yeyote."

Nikaipeleka kwa apariteri. Ndivyo tunavyomwita mtu anayetunza mafaili ya wanafunzi, na ofisi yake ni chumba kimoja chenye makabati mawili ya chuma na dirisha lisilofungika. Aliichana bahasha mbele yangu, akasoma taratibu, akanitazama juu ya miwani yake.

"Pole," akasema. "Nitaipeleka kwa walimu wakikaa kutoa matokeo."

Matokeo yalipobandikwa ukutani, somo lile lilikuwa na sifuri. Nilirudia mwaka. Nilipouliza, niliambiwa walimu ndio walioamua. Nikaamini kwamba waliisoma karatasi ya daktari na kuiona haina uzito. Nilirudia mwaka mzima nikikaa na watu waliokuwa nyuma yangu, nikisikiliza masomo niliyokwisha kuyafaulu, na nikamwambia baba kwamba nilishindwa. Yeye analima karanga na muhogo, na alikuwa akinitumia gunia kwa kila aliyepanda gari kuja Kasongo. Hakuniuliza lolote. Alisema tu, "Rudia."

Hivyo basi, jioni ile ya wageni, baada ya wao kuondoka na chungu cha wali kikiwa bado kimejaa, baba alinikuta nyuma ya nyumba.

"Kwa nini uliwapa hiyo karatasi?" akauliza.

"Daktari aliniambia niwape."

"Ungeficha."

"Papa, niliwapa wao. Sikumpa yule muzee."

Niliona kwamba yeye pia alikuwa na hasira, ila hajui aielekeze wapi, na kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu, ilinipata mimi. Kesho yake alirudi Wamaza bila kuniaga vizuri.

Habari zilinitangulia kwenye nyumba tuliyopanga wasichana wanne. Tulikuwa tukila kwenye sinia moja, bugali na sombe ya majani ya muhogo, mikono minne. Jumapili ile nilikuta nimewekewa sahani yangu peke yangu, na kikombe changu kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio chake. Kwetu watu wengi wanaamini kwamba kifafa kinaambukizwa kwa mate. Wenzangu wawili walikuwa wanasomea ualimu wa biolojia. Nilikuwa nimeishi nao miaka miwili, na kwa miaka hiyo yote dawa ilinishika vizuri, sikuanguka hata mara moja. Nilikula chakula changu chote, nikaosha sahani yangu. Sikuwapa raha ya kuniona nikilia.

Jumatatu nikaenda kwa apariteri. Nilimkuta anakunywa chai.

"Baba," nikamwambia, maana ndivyo tulivyomwita, "nani alikupa ruhusa ya kutoa karatasi yangu?"

Hata hakukana. Hicho ndicho kilichonichoma zaidi.

"Mutoto wangu, nilifanya mazuri. Mutu akitaka kuoa anapaswa kujua. Yule muzee tunasali pamoja, si mutu wa njiani. Alipiga picha moja tu."

"Nataka kuona faili langu."

Akacheka kidogo. "Dosye iko ya chuo. Mwanafunzi hagusi dosye."

"Na yule muzee, ni mwanafunzi wa mwaka wa ngapi?"

Kikombe kikatua mezani. "Uko unanitukana?"

"Ninauliza."

"Toka kwenye ofisi yangu."

Nilitoka, lakini sikwenda mbali. Nilipanda ngazi mpaka kwa katibu mkuu wa masomo, mtu mchovu mwenye sauti ndogo, aliyezungukwa na marundo ya karatasi. Alinisikiliza kwa dakika mbili, kisha akaniambia niandike barua. Nafikiri ni maneno anayowaambia watu ili waende zao. Nikaenda, nikaandika. Niliandika nakala tatu kwa mkono, nikaomba mambo mawili: nione kila kilichoandikwa kuhusu mimi, na nijue nani mwingine amekiona. Karani wake hakutaka kugonga muhuri kwenye nakala yangu. Nikakaa kwenye benchi mpaka akagonga.

Wiki ikapita, na nyingine. Kila Jumatatu na kila Alhamisi nilikuwa kwenye benchi lile. Apariteri alinipita akiwa na mafaili kwapani, akitabasamu. Wenzangu wa darasani walinishauri niache, kwamba mwaka wa mwisho si wakati wa kugombana na anayeshika pointi zako. Mmoja aliniambia kwa upole kabisa, "Utakosa diplome kwa sababu ya kinywa." Nilijua kwamba anaweza kuwa sahihi. Usiku sikulala vizuri, na daktari alikuwa ameniambia nisikose usingizi, kwa hiyo nikazidi kuwa na hasira: hata afya yangu walikuwa wanaichezea.

Katika siku hizo mchumba alikuja. Ilikuwa mchana, wenzangu wapo darasani. Alisimama mlangoni akizungusha funguo za pikipiki kidoleni.

"Ungeniacha niwaeleze polepole," akasema.

"Ulisema hujui."

"Ningesema nini mbele ya mujomba? Subiri, watazoea. Kama ukipata karatasi nyingine ya daktari inayosema umepona…"

Nilimwambia kwamba sijapona, ninameza dawa, na kwamba hakuna karatasi nyingine itakayotoka kwangu kwenda kwa watu wake. Nikamwambia pia asirudi. Alisimama kidogo, kama mtu anayengoja nibadili maneno. Nilipofunga mlango nilikuwa bado nampenda, na sidhani kwamba hasira inaondoa hilo.

Wiki ya tatu katibu mkuu aliniita. Sijui kama ni barua au ni kuchoka kuniona kwenye benchi. Alikuwa ameagiza faili langu liletwe, na apariteri mwenyewe ndiye aliyelileta. Alilitua mezani, akasimama ukutani mikono nyuma.

"Soma hapa hapa," katibu akasema. "Usitoe kitu."

Lilikuwa faili la kijani, limechakaa pembeni. Nilisoma kila ukurasa, polepole, kwa sababu nilikuwa nimelilipia kwa muda wangu. Niliona cheti changu cha sekondari na picha yangu ya miaka kumi na tisa, nikiwa na macho ya woga. Kisha nikaiona karatasi ya daktari. Ilikuwa imebandikwa kwa pini juu ya zingine, mahali pa kufikika haraka, na kwenye kona kulikuwa na alama ya duara ya kikombe cha chai.

Chini kabisa kulikuwa na ukurasa wa kikao cha walimu wa mwaka ule wa pili. Nikatafuta jina langu. Mbele yake, kwenye somo lile, paliandikwa: hakuja, hakuna sababu iliyoletwa.

Nilisoma mara tatu. Kisha nikaigeuza ile karatasi ya daktari. Kila karatasi iliyofika kwenye kikao ilikuwa na muhuri nyuma, nilikuwa nimeziona nyingine humo humo. Hii haikuwa na muhuri. Haikuwahi kutoka kwenye lile kabati la chuma kwenda kwenye kikao. Walimu hawakuikataa, hawakuiona kamwe. Karatasi iliyoandikwa ili isaidie mtihani wangu haikusomwa na waliopaswa kuisoma, ikasomwa na mjomba wa mtu, na shangazi wa mtu, na sebule nzima.

Nilimgeukia apariteri. "Uliniambia utaipeleka."

"Nilisahau," akasema. "Kazi ni nyingi."

"Kumwonyesha yule muzee hukusahau."

Katibu mkuu alichukua kurasa mbili zile, akazilinganisha, akavua miwani. "Kumbe," akasema kwa sauti yake ndogo. Kisha akasema jambo ambalo bado nalisikia: "Lakini haya ni maneno ya zamani. Umerudia, umefaulu. Tuendelee mbele."

Nikamwambia kwamba ni mwaka wangu. Nilimwambia kuwa baba yangu alilima mwaka mzima zaidi kwa sababu ya pini ile, kwamba nilimwambia nimeshindwa na haikuwa kweli, na kwamba sitatoka mpaka yaandikwe matatu: sababu ya kutofika kwangu, kosa la ofisi, na kwamba karatasi ya daktari inafungwa kwenye bahasha na haifunguliwi bila mimi. Nilizungumza kwa sauti kubwa mno. Watu walikusanyika kwenye korido. Sikujali, habari zangu walikuwa nazo tayari.

Aliandika mawili, akaagiza karatasi yangu ya pointi, yaani ya alama za mwaka ule, itengenezwe upya. La kosa la ofisi alikataa kuliandika, na mpaka leo halijaandikwa. Apariteri hakuhamishwa wala kukemewa mbele yangu. Nikikutana naye sokoni ananisalimu kama kawaida, ananiita mwalimu, maana sasa ninafundisha, na mimi ninapita.

Nilimpigia baba simu jioni ile. Nilimweleza yote, hata sifuri.

"Kwa hiyo haukuanguka mtihani," akasema.

"Nilianguka bafuni, papa. Mtihani sikuanguka."

"Wakikupa hiyo karatasi ya pointi iliyotengenezwa, niambie siku. Nitakuja."

Alikuja. Nilimwambia si lazima, njia ni mbaya wakati wa mvua, lakini alifika akiwa amelowa mpaka magotini, akabadili shati kwa baba mkubwa, tukaenda pamoja. Apariteri alimwona baba, akainuka, akamvutia kiti, akamwita papa. Alifungua daftari la sahihi, akaligeuza upande wa baba, akamnyooshea kalamu.

"Papa, tia sahihi hapa, kwamba mumepokea ya mutoto."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilisimama hapo hapo, mbele ya meza yake.

Baba aliitazama kalamu, hakuichukua.

"Mwenye jina iko hapa," akasema. "Muulize yeye."