Farasi Saba wa Ziada

Enzi za Mwingereza nilikuwa fundi kwenye gereji moja ya Temeke, na nguvu za injini tulizipima kwa kamba. Fundi wetu mkuu, mzee mpole, aliizungusha kamba nene kwenye gurudumu la injini na kuifunga ncha yake kwenye mizani ya kopra. Injini ikiivuta kamba, mizani ilionyesha ratili. Mzee akapiga hesabu kwa chaki ukutani, tukapata nguvu za injini kwa idadi ya farasi.

Siku moja tajiri wetu akaleta kutoka Ulaya mashine ya kupimia nguvu za injini kwa maji, yenye mkono wa chuma na saa kubwa ya kusomea ratili. Tukaifungia injini ya lori la dereva mmoja mwenye maneno mengi. Ikatoa farasi thelathini na nane. Asubuhi ile ile, kamba ilikuwa imetoa thelathini na mmoja.

"Kamba yako imechakaa, mzee," tajiri akasema.

"Kamba yangu haina haja ya kumfurahisha mtu, bwana."

Walibishana mpaka mama aliyetuuzia vitumbua akachoka kusubiri. "Nyie, si mnataka kitu chenye uzito unaojulikana? Juzi nimepimwa kwenye ghala la kopra, ratili mia mbili kamili. Nitundikeni mie!"

Tukafunga kibao mfano wa bembea, akakaa, akajifunga kanga vizuri. Mizani ya mzee ikasema mia mbili. Tukamhamishia kwenye mkono wa mashine. Mimi ndiye niliyeshika kibao kisiyumbe, na mimi ndiye niliyetakiwa kusoma kwa sauti.

"Mia mbili... arobaini na tano," nikasema, nikiangalia chini.

"Ngapi?" Akamgeukia tajiri huku bado ananing'inia. "Baba, hiyo mashine yako imefunzwa adabu kweli?"

Mzee alikwenda nyuma ya gereji kucheka. Tajiri aliifungua ile saa mwenyewe, akakuta springi yake imelegea. Akamwomba mama radhi, kisha akamwomba mzee radhi, kwa sauti ndogo zaidi.

Aliyekataa hesabu mpya ni dereva. Wakati wa ubishi ule alikwishamlipa mchoraji, na mlango wa lori ulisomeka FARASI 38 kwa rangi nyekundu.

"Farasi wangu hawapunguzwi," akasema.

"Basi wachukue wote," mzee akamjibu, "ila wale saba wa ziada, kilima cha Pugu utawapandisha mwenyewe."