Sebule ya Mavyaa

Nilipoolewa Malindi, miaka michache baada ya serikali kutangaza kuwa watumwa wote ni huru, mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, alikuwa na sebule iliyosifiwa mji mzima. Kuta zilipakwa chokaa, na katika kila kidaka cha ukutani alipanga sahani za kaure na vikombe vyembamba alivyonunua kwa Mhindi. Wasichana waliokaribia kuolewa waliletwa na mama zao waje waone nyumba inavyopambwa.

Nyuma ya ukuta ule ule, kando ya choo, alilala chini kizee aliyemlea mavyaa tangu uchanga. Alikuwa mtumwa wa nyumba hiyo, na uhuru ulipokuja hakuwa na kwao pa kurudi. Mguu wake ulikuwa na donda bichi, na nzi hawambanduki. Kila asubuhi mavyaa alifukiza udi ili harufu isiwafikie wageni. Udi ule uliochanganyika na usaha ulinichafua moyo kuliko usaha wenyewe.

Siku moja walikuja wageni wa kike kutoka Mombasa. Tukiwa twala halua, upepo ukageuka, na mmoja wao akafunika pua kwa leso.

"Jirani kaanika papa," mavyaa akasema, akacheka kidogo.

Kizee alikuwa anaomba maji kwa sauti kavu, na hapana aliyegeuza shingo. Nikainuka, nikatwaa kikombe kilichokuwa karibu, nikampelekea maji. Alikunywa akitetemeka.

"Mungu akuweke, mwanangu," akaniambia.

Wageni walipokwenda zao, mavyaa alinifuata uani. "Kikombe changu ki wapi?"

"Hiki hapa, mama. Nimekiosha."

Alikipokea kwa ncha ya leso, kama mtu ashikaye panya mfu, akakipiga kwenye jiwe kikavunjika. "Hakinywewi tena hicho," akasema. Kizee alikuwa palepale, anatazama.

Nilikwenda kutapika. Mume wangu aliporudi nikamwambia, "Mimi hapa sikai. Na nikiondoka, naondoka naye."

Ilimwia vigumu, maana ni mamake. Kisha akasema, "Hata mimi nimebebwa mgongoni mwa kizee huyo."

Tukahamia naye kijijini Ngomeni, katika nyumba ya udongo na makuti. Nilimwosha donda kwa maji ya chumvi hata likaanza kukauka, ila mwili ulikuwa umekwisha choka. Alikufa kabla ya masika kwisha, akiwa juu ya kitanda.

Mavyaa alikuja kutupa pole. Alisimama mlangoni, kakusanya nguo zake zisiguse sakafu, akazitazama kuta zangu.

"Mwaishije humu?" akauliza.

Nilimtandikia mkeka mpya, hakukaa. Marehemu hakumtaja.

Watu wa Malindi waliendelea kumpelekea mavyaa mabinti zao. Jamaa wakiniomba niwasindikize, niliwaambia nina kazi. Nikiikumbuka tu sebule ile, mate ya kichefuchefu yalinijaa kinywani, nami nikatoka nje kuyatema.