Jitu Lililokuwa Linakuja Litein

Juzi niliona kwenye simu trela ya filamu itakayofika sinemani hivi karibuni: jitu refu kuliko maghorofa likikanyaga mji. Niliitazama mara nne, nikijiuliza kama kufikia siku hiyo nitakuwa nimepata kazi.

Nilipokuwa mdogo, jitu kama hilo lilichorwa kwenye bango la ukumbi wa video pale Litein. Chini yake paliandikwa, "Linakuja." Nilidhani linakuja kwa miguu, kupitia majani chai yetu. Nilikimbia hadi shambani, ambako Mama alikuwa akichuma, aproni yake ya plastiki ikinuka mvua.

"Mama, twende! Kuna jitu linakuja!"

Hakugeuka. "Likifika, lipe kikapu. Lori la majani liko karibu na sijajaza."

Nikamsaidia ili tukimbie mapema, nikirarua hata majani makubwa yaliyokomaa. Kwenye kituo cha kupimia majani, karani aliyakataa, kwani kiwanda hutaka machanga tu. Mama aliketi chini kuyachambua, na lori likaondoka likimwacha hapo.

"Sasa jitu lako liko wapi?" aliniuliza, akisugua kiuno.

"Litakuja kesho."

"Basi kesho litanisaidia kuchuma."

Siku hizi akiuliza kuhusu kazi, namjibu vilevile: inakuja, Mama.