Mkono wa Matrida kwenye mfuko wa simenti

Mpwa wangu Matrida haamini gunia kwa macho. Pale mwaloni Guta, mitumbwi inaposhusha samaki, ukimletea dagaa, anakunja mkono wa gauni, anauzamisha mpaka chini kabisa, maana huko chini ndiko wezi wanawekaga mchanga. Mkono ukitoka na mchanga, unatukanwa wewe na ukoo wako. Wenye mitumbwi wanamchukia. Mimi nampenda, ila sijawahi kumwambia, asije akavimba kichwa. Kichwa kikubwa katika ukoo wetu kipo tayari, ni hiki changu.

Mwaka huu mkono ukamgeukia. Shija, mnunuzi anayepeleka dagaa Mwanza, alizamisha wa kwake kwenye gunia la Matrida, ukatoka na mchanga. Haikuwa wizi. Matrida alikuwa anaanikaga chini, ufukweni, na mchanga haupigi hodi.

"Hizi ni za kuku, na bei ni ya kuku," Shija akasema mbele ya watu wote. "Giza lijalo nikikuta tena mchanga, sinunui kabisa."

Asiyejua ziwa nimweleze: dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika. Basi Matrida alikuwa na mbalamwezi hiyo moja tu ya kumwaga sakafu ya simenti ya kuanikia, ikauke kabla giza halijarudi. Akavunja kibubu chake, akaniita kutoka Butiama, kwa sababu mimi ndiye mtu wa ujenzi. Nyumba yangu ina vigae mpaka chooni.

"Mjomba, unayajua maduka makubwa?"

"Yenyewe ndiyo yananijua."

Tukaanza Bunda, kwa Muharami. Duka lake ni kubwa kama kanisa lakini halina adabu. Masinki, milango, mabati na ndoo za rangi vimemwagwa mpaka mlangoni, unaingia kwa kujikwaa. Muharami mwenyewe haongei, anabweka.

"Mnataka nini?"

"Simenti," Matrida akasema. "Nione ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ya mfuko."

"Mama, hii siyo dagaa!"

Kabla sijafanya lolote, mpwa wangu kachomoa ufunguo wa kufuli lake, kachana mfuko, mkono umezama. Ulipotoka ulikuwa wa kijivu mpaka kiwikoni. Simenti laini kabisa, kama unga wa muhogo.

"Nzuri," akasema.

"Utaulipia!" Muharami karuka kaunta. "Halafu utoke na usirudi! Simenti inabonyezwa kwa nje, mwanamke, haichanwi!"

"Mwanamke yuko kwako, mimi niite Matrida!"

Nikamvuta nje. Mfuko uliochanika nikaubeba mimi, begani, juu ya kaunda suti yangu. Msinicheke.

"Umeniaibisha," nikamwambia. "Twende Musoma, kwa wastaarabu."

Musoma ndiyo duka! Vioo kila upande, baridi ya mashine, vyoo vya kukaa vimepandishwa jukwaani kama wageni rasmi. Binti mmoja, Shamsia, akatupokea: "Karibuni sana, wateja wetu wapendwa." Akatuletea maji ya chupa, akatukalisha kwenye viti vinavyozunguka. Simenti yenyewe tulionyeshwa picha, kwenye kioo cha kompyuta.

"Mifuko iko wapi?" Matrida akauliza.

"Iko stoo, mama. Wateja hawaruhusiwi, ni kwa usalama wenu."

Nikaona vidole vya mpwa wangu vinachezacheza. Nikamshika mkono kwa nguvu. "Tulia. Hapa kuna wasomi." Mimi darasa la saba nimelisoma mara mbili, najua kukaa na wasomi. Wakapakia wao, wakafunika turubai wao, wakatupungia na mkono.

Tulipofika Guta, fundi Nyamhanga akashusha mfuko wa kwanza. Ukalia ko! Akabonyeza kona, akabonyeza wa pili, akabonyeza wote, akanitazama.

"Mjomba, umetuletea mawe ya mpaka?"

Simenti yote imeganda. Stoo yao lazima inavuja, inanyonya unyevu wa ziwa. Tukarudi Musoma, Shamsia yule yule, tabasamu lile lile.

"Samahani wapendwa, bidhaa ikishatoka getini hairudishwi. Mngekagua."

"Tukague wapi na stoo umeifunga?" Matrida akapiga meza.

"Ni utaratibu wetu, mama."

Mlinzi akatufungulia mlango, akatuambia karibuni tena. Nimefukuzwa sehemu nyingi maishani, ila kwa tabasamu ilikuwa mara ya kwanza. Tusi la Muharami lilikuwa na afadhali, lilikuwa na joto.

Njia nzima Matrida alikuwa anahesabu siku kwa vidole. Na mwezi ulikuwa umeanza kumegeka. Kesho yake asubuhi nikamkuta uani kwangu Butiama anafungua kamba ya beberu wangu, lile beberu ambalo hata mbwa wa jirani wanalipishaga njia.

"Matrida! Unaniibia?"

"Mpwa haibi kwa mjomba, mila unaijua. Na nani alinishika mkono?"

"Nilikuwa nalinda heshima yako!"

"Heshima yako ndiyo naipeleka mnadani."

Pesa ya beberu mkononi, akaenda moja kwa moja kwa Muharami. Mimi nilisimama mlangoni, tayari kukimbia.

"Wewe tena! Nilikwambia nini?"

"Usirudi. Nimerudi."

"Si uende kwa wenye vioo!"

"Nimetoka huko. Yako nimeshaiona ndani. Toa simenti, mdomo kaa nao."

Hakupewa maji wala kiti. Stoo ilikuwa wazi, akaingia mwenyewe, akabonyeza mfuko mmoja mmoja, kona kwa kona, Muharami nyuma yake anamlaani.

"Huo nao una nini?"

"Kona ngumu."

"Ngumu ni roho yako!"

Lakini Muharami aliuweka pembeni, akatoa mwingine. Waliachana bila kuagana.

Yale mawe ya Musoma hatukuyatupa. Nyamhanga aliyapasua kwa nyundo yakawa kifusi cha chini ya sakafu. Matrida aliomba apige la kwanza, na kila nyundo ikishuka anasema, "Wapendwa! Wapendwa!"

Giza likarudi, dagaa wakaja, wakaanikwa juu ya simenti. Shija naye akaja, watu wamejaa.

"Zamisha," Matrida akamwambia. "Mpaka kwapani."

Shija akatafuta chini kule kama aliyepoteza pete. Mkono ukatoka na magamba tu, unameta.

"Bei ya watu," akanong'ona.

"Sisikii. Siku ile ulisema mbele ya watu."

Shija akatazama huku na huku, akameza mate. "Bei ya watu!" akapaza sauti, mpaka waliokuwa mitumbwini wakageuka.

Mimi nilicheka kuliko wote. Kisha nikamsogelea mpwa wangu taratibu, nikamuuliza habari ya beberu wangu.

"Sisikii," akasema, akafunga gunia.